Babu alikuwa keya, mbona hakuna aliyemwita shujaa?

Swali: "Shikamoo mwalimu. Sisi ni Wagiriama wa hapa Malindi, tunakaa Barani. Babu mzaa baba alikuwa keya, askari Mwafrika wa jeshi la Mwingereza, na alifika Burma, akafa 1997 mimi niko darasa la tatu, na siku zote sijamsikia akihadithia vita. Juzi tumefungua sanduku lake la mbao tukapata nyota ya shaba na kipande cha utepe, katikati mwekundu na pembeni buluu yenye mstari wa rangi ya machungwa. Baba asema zamani kwenye mangwe, pale panaponywewa mnazi, watu walikuwa wakimtania babu ati alikuwa mbwa wa Mzungu. Lakini mtoto wa shangazi aliporudi kutoka Somalia na KDF, jeshi la Kenya, alichinjiwa mbuzi, na Wamarekani kwenye TV wakimuona mwanajeshi wanamwambia asante. Nini kilichobadilika mwalimu, ni watu ama ni vita?"

Marahaba mwanangu, na uniwie radhi kwa kuchelewa kukujibu, nilikuwa Pate kwenye arusi na huko mtandao wa shida. Swali lako nimelisoma mara tatu na nitalijibu kwa urefu manake limenigusa, mie nimesomesha historia hapa Lamu miaka mingi na wazee wa namna ya babu yako niliwawahi wachache, na karibu wote walikuwa hivyo hivyo, wanyamavu.

Tuanze na hiyo nyota. Kwa utepe ulouelezea hiyo ni Burma Star. Ipanguse na kitambaa kikavu (usitie ndimu wala siki, utaiharibu) utaona ina ncha sita, katikati kuna taji na herufi za mfalme wa Uingereza wa wakati ule, na kwenye duara limeandikwa jina lenyewe la nishani. Hiyo hukupewa kwa kukaa kambini Nairobi ukipiga kwata, ilikuwa lazima uwe umetumika vita vya pili vya dunia, upande ule wa vita na Wajapani. Keya wengi walotoka huku kwetu walikuwa kwenye divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, wakapelekwa Ceylon, ndo hiyo Sri Lanka ya leo, alafu katikati ya 1944 wakaingia Burma mvua za huko zimeshika, wakateremka na bonde la Kabaw, bonde la malaria na tope la kumeza lori, wakisukumana na Wajapani mpaka Disemba wakafika mto Chindwin pale Kalewa, na hapo mainjinia wakaunga daraja la chuma la kiasi cha futi 1,150 jeshi likavuka. Kama mna picha yoyote ya babu, tazameni begani kwenye nguo yake, mkiona kichwa cha kifaru basi ni divisheni hiyo, kifaru ndo ilikuwa alama yao.

Na kule kufika tu kulikuwa si kitu kidogo. Tarehe 12 Februari 1944 meli ya Khedive Ismail ilotoka Kilindini hapo Mombasa ikielekea Colombo ilipigwa na nyambizi ya Wajapani karibu na visiwa vya Maldives, ikazama kwa dakika chache mno, watu 1,297 wakafa, na mamia kwa mamia ya hao walikuwa askari wa mizinga wa Afrika Mashariki. Bahari ni hii hii tunayovulia samaki. Nimeuliza madarasa mangapi hapa Lamu ni nani alowahi kusikia jina la meli hiyo, sijawahi kuona mkono mmoja umenyanyuka.

Haya, swali lenyewe. Umeniuliza ni watu walobadilika ama ni vita. Mie kwa miaka nilosoma na kusikiza wazee nimeona kwamba watu huwa hawamuangalii mwanajeshi alofanya nini, wala aliteseka vipi, wanaangalia vile vita ni vya nani na yeye alitumwa na nani. Mwenye vita akipendwa, askari atachinjiwa mbuzi. Mwenye vita akichukiwa, askari anatukanwa hata kama alichukuliwa kwa nguvu. Na mwenye vita akisahauliwa, askari naye anafutika pamoja naye. Babu yako yalimpata hayo mawili ya mwisho, na kwa nyinyi Wagiriama kulikuwa na sababu yake maalum ambayo pengine baba yako anaijua lakini hajaiunga na babu.

Sababu yenyewe ni 1914. Serikali ya Mwingereza ilikuwa inataka kodi, inataka vijana wa kazi za mashamba na baadaye wa kubeba mizigo ya vita, na inataka Wagiriama wahame kutoka kaskazini ya mto Sabaki. Mekatilili wa Menza na Wanje wa Mwadorikola wakawaapisha watu wasikubali, wakakamatwa 1913 wakapelekwa Kisii, wakatoroka wakarudi kwa miguu nchi nzima hiyo, na Agosti 1914 serikali ikailipua Kaya Fungo, mahali patakatifu pa Wagiriama, kwa baruti na ikaleta jeshi, na jeshi lililoletwa ndo hao keya, yaani King's African Rifles, kikosi kilichoundwa 1902. Keya wakachoma nyumba za Wagiriama, wakachukua mbuzi na ng'ombe. Sasa hesabu mwenyewe, babu yako kama aliingia jeshi mwanzo mwanzo wa miaka ya 1940 basi wazazi wake na wazee wote wa mtaa waliuona moto huo kwa macho yao. Yule mzee alomwita mbwa wa Mzungu pale mangwe huenda nyumba ya mama yake ilichomwa na mtu alovaa kofia ile ile. Simtetei, tusi ni tusi. Lakini halikutoka hewani.

Na utashangaa, huku Lamu wakati huo huo magwanda yalikuwa yanapendwa. Kulikuwa na ngoma ya beni, watu wanapiga matarumbeta na ngoma, wanajipanga kwa mistari kama jeshi, wana vyeo vyao vya mfalme na jenerali na kanali, na mitaa miwili ya hapa, Mkomani na Langoni, inashindana nani ana nguo kali zaidi na gwaride zuri zaidi mpaka pesa za watu zinaisha. Mombasa walikuwa nayo na ikaenea bara yote mpaka Tanganyika. Kwa hivyo pwani hii hii moja, huku watu wanashona nguo za kufanana na askari na kule Godoma kwa Wagiriama watu wakimuona askari wanakimbilia msituni. Ndo manake mie husita mtu akinambia "zamani watu walimuona mwanajeshi hivi ama hivi". Zamani ya wapi, na ya nani?

Alafu kuna wale ambao hata hiyo kofia hawakuvishwa. Vita vya kwanza, 1914 mpaka 1918, Mwingereza alipigana na Mjerumani kutoka Taveta mpaka ndani kabisa kusini, na kwa kuwa mbung'o walikuwa wanaua punda na farasi, mizigo ikabebwa na watu. Waafrika kama milioni moja walichukuliwa kuwa wapagazi, na walokufa kwa hesabu ya serikali yenyewe ni zaidi ya 95,000, wengi si kwa risasi bali kwa kuhara, nimonia, malaria na njaa. Kariakoo ya Dar es Salaam na Kariokor ya Nairobi ni jina lao hilo, Carrier Corps, limebaki kwenye soko na stendi na watu wananunua viazi hapo bila kujua. Mishahara ya wengi walokufa haikuwafikia jamaa zao mpaka leo. Na walorudi hai, muda si mrefu wakavishwa kipande shingoni kwenye kikopo cha bati, na mwaka 1919 serikali ikagawa mashamba ya bara kwa askari wastaafu, lakini askari Wazungu. Huyu mwenye kuvishwa bati na yule mwenye kupewa shamba walikuwa vita vimoja.

Miaka ya 1920 zikajengwa sanamu za askari, Nairobi, Mombasa na Dar es Salaam, pale Mombasa ziko barabara ya Jomo Kenyatta utakuwa umezipita mara nyingi. Maneno yake yalitungwa na Rudyard Kipling na yameandikwa mpaka kwa Kiswahili, kwamba ukipigania nchi yako hata kama utakufa, wanao watalikumbuka jina lako. Mie kila nikipita pale nasimama nayasoma na roho inaniuma, kwa sababu majina yenyewe hayapo. Wazungu walokufa waliandikwa mmoja mmoja kwenye mawe, hao wengine wakapewa sanamu moja ya wote. Mwaka 2021 tume ya Jumuiya ya Madola inayosimamia makaburi ya vita ilitoa ripoti ikakiri wazi kwamba watu wasiopungua 116,000, na huenda wakafika 350,000, wengi wao kutoka Afrika na Mashariki ya Kati, hawakuandikwa majina ama hawakukumbukwa kabisa baada ya vita vile, na ikaomba radhi. Miaka mia moja! Watoto walotakiwa kulikumbuka jina wameshakufa na wajukuu wao pia.

Sasa turudi kwa babu, 1945, 1946. Anashuka melini. Wakenya kiasi cha 98,000 walikuwa wametumika vita vile vya pili. Amejifunza kutumia bunduki, wengine wamejifunza udereva, kusoma, redio. Ameona Mzungu akilia na Mzungu akikimbia. Jeshini walikuwa wanaletewa gazeti lao la Kiswahili, jina lake Heshima, likiwaambia wao ni watu wa maana. Akifika bandarini anapewa kiinua mgongo chake, na malipo hayo yalipangwa kwa rangi, askari Mwafrika akapata kama theluthi ya alopata Mzungu wa cheo hicho hicho. Anarudi kijijini, na kijijini hakuna gwaride wala mkutano wa kumpokea, kuna watu walokuwa na njaa zao na kodi zao na wanamuuliza, ulienda kumpigania nani? Atajibu nini? Akisema alimpigania mfalme anachekwa, akisema aliwapigania nyinyi hawamuamini. Mzee mmoja wa hapa Langoni alonihadithia mambo hayo kidogo kabla hajafa alinambia walikuwa wakikutana wao kwa wao tu, keya na keya, barazani baada ya isha, mtu mwengine akikaribia wanageuza maneno wanazungumza bei ya nazi. Kunyamaza kwa babu yako usidhani kulikuwa ni kusahau.

Na hapo hapo yakaja ya 1952, hali ya hatari, Mau Mau. Jeshi lililotumwa msituni pamoja na Waingereza ni keya tena. Jina likazidi kuchafuka. Lakini Waruhiu Itote, yule Jenerali China wa Mau Mau, naye alikuwa keya na naye alipigana Burma! Huko huko alikokuwa babu yako. Mmoja akarudi akaingia msituni, mwengine akarudi akalima mihogo, na huenda walikula sufuria moja. Sisi huku Lamu Mau Mau tuliwaona kwa upande mwengine, waliletwa wakafungwa kisiwa cha Manda, kambi ya Takwa pale penye magofu, na jirani zetu wa Tana ndo wanaijua kambi ya Hola, Machi 1959, wafungwa 11 walipigwa mpaka kufa. Uhuru ulipokuja 1963 kila mtu alijua askari wa mkoloni alikuwa upande mbaya, na hakuna mtu alokuwa na saa ya kutenganisha alokwenda Burma na alokwenda Aberdare.

Usifikiri walopigania uhuru nao walibebwa mabegani. Mau Mau ilibaki chama kilichopigwa marufuku mpaka 2003, miaka 40 baada ya uhuru, wazee wakifa kwenye vibanda. Sanamu ya kiongozi wao Dedan Kimathi ikasimamishwa Nairobi 2007, katiba ya 2010 ikaigeuza Kenyatta Dei ikawa siku ya Mashujaa, na 2013 Uingereza ikakubali kuwalipa watu 5,228 waloteswa pauni milioni 19.9. Kwa hivyo ushujaa wa mtu unaweza kuwa kosa la jinai asubuhi na jioni ukawa sikukuu, na yeye mwenyewe hakubadilika hata kidogo.

Kuna jambo moja la huko kwenu Malindi ambalo hunishika sana. Mwaka 1940 ndege za Waitalia zilikuja kupiga mabomu Malindi, manake walikuwa wanashika Somalia na Ethiopia na keya wetu ndo walokwenda kuwatoa huko. Leo Malindi Waitalia wana majumba, wana hoteli, kule Ngomeni walirusha mpaka setilaiti, vijana wa ufuoni wanasema Kitaliano kuliko Kiswahili sanifu, na hakuna anayewakumbusha bomu. Mie sisemi wakumbushwe, mgeni ni mgeni na watu wamesameheana vizuri. Ninachosema ni kwamba aliyekuwa adui alisamehewa mapema sana, na keya alopigana naye bado alikuwa anatukanwa mangwe.

Baada ya uhuru nitapita haraka. Vikosi vya keya vikageuzwa Kenya Rifles, na Januari 1964 tu askari wakaasi kambi ya Lanet, serikali ikaanza kuwaogopa. Vita vya Shifta vya miaka hiyo, vya Wasomali wa kaskazini walotaka kujitenga, viliwatoa Wabajuni kwenye vijiji vyao vya bara, Kiunga na kando zake, wakawa wakimbizi visiwani na Malindi na Mombasa, na wazee wao ukiwauliza nani aliwahamisha wanakutajia mashifta na wanakutajia na wanajeshi kwa pumzi moja. Alafu Agosti 1, 1982, jaribio la mapinduzi, jeshi lote la anga likavunjwa, na mtu alokuwa huko hata kama siku hiyo alikuwa likizo kwao anavua samaki alianza kuficha picha zake. Mwisho wa miaka ya 80 na miaka ya 90 upepo ukageuka kidogo kwa sababu ya pesa, wanajeshi wakaenda Namibia, Yugoslavia, Sierra Leone na UN, wakarudi na marupurupu, wakajenga nyumba za mawe, na ghafla kila mama anataka mkwe mwanajeshi. Hiyo nayo ni heshima, lakini ilikuwa heshima ya mabati na simenti.

Sasa huyo mtoto wa shangazi. Vita vyake vilianzia huku kwetu. Septemba 2011 watalii walivamiwa Kiwayu, mume akauawa na mke akachukuliwa Somalia, Oktoba mosi akachukuliwa mama Mfaransa kutoka Manda, naye akafa huko. Oktoba hiyo hiyo KDF wakaingia Somalia, Linda Nchi, na mwaka uliofuata wakaishika Kismayu. Kwa mara ya kwanza mwananchi alisikia hivi ni vita vyetu, mlango ulobomolewa ni wetu, na ndo sababu ya mbuzi. Ilipofika El Adde, Januari 15, 2016, kambi ya KDF kule Somalia iliposhambuliwa, nchi nzima ililia, na kilichoniumiza ni kwamba serikali haikutoa hesabu kamili ya walokufa, familia zikawa zinatafutana kwenye simu na WhatsApp. Kumbe hata shujaa naye idadi yake inafichwa.

Lakini nikwambie ukweli, uliza Lamu yote si kila nyumba itachinja mbuzi. Baada ya mauaji ya Mpeketoni Juni 2014 tuliwekewa kafyu, wavuvi wakazuiwa kuvua usiku kwa miaka, na mvuvi wa kamba ama wa jarife usiku ndo shamba lake. Kukaja operesheni ya msitu wa Boni, njia za kwenda Kiunga zikawa na mabomu ya ardhini, na kuna mama za hapa na huko Malindi ambao watoto wao walichukuliwa na watu wasojulikana wakapotea mpaka leo. Wanajeshi hao hao wameleta madaktari Boni ambako hakuna daktari, wamechimba visima. Kwa hivyo mtu mmoja anaweza kumshukuru asubuhi na kumuogopa usiku, na yote mawili yakawa kweli. Anayekwambia watu wa pwani wanapenda jeshi ama wanachukia jeshi, hajakaa hapa.

Wamarekani wa kwenye TV nao wana historia yao, si kwamba walizaliwa na adabu hiyo. Mwaka 1932 wastaafu wao wa vita vya kwanza walikwenda Washington na wake na watoto kudai bonasi walioahidiwa, wakafukuzwa na jeshi lao wenyewe kwa moshi na farasi. Huenda aibu hiyo ndo iliwafanya 1944 watunge sheria nzuri ya kuwasomesha na kuwakopesha nyumba walorudi, ingawa askari weusi wengi hawakuipata ilivyotakiwa. Wa Vietnam walirudi kimyakimya, mmoja mmoja kwa ndege, kwenye nchi iliyochoshwa na vita vile, hata ile stori ya kwamba walitemewa mate wanahistoria wanaibishania mpaka leo, lakini kwamba hawakupokelewa hiyo haina ubishi. Wao wenyewe wastaafu ndo walochangisha wakajenga ule ukuta mweusi wa Washington 1982, una majina zaidi ya 58,000, na watu wakianza kugusa majina kwa vidole ndo mioyo ikageuka. Tena 1973 walikuwa wameacha kulazimisha watu jeshini, na tangu hapo raia wengi hawana ndugu wa damu vitani, na wakati huo ndo "asante" imekuwa nyingi. Mie naiona hiyo asante kama salamu ya mtu anayepita na haraka zake. Hapa Manda Bay Wamarekani wenyewe watatu waliuawa Januari 5, 2020 kambi iliposhambuliwa, na sidhani wengi wa hao wasemao asante huko kwao wanaweza kuonyesha Manda kwenye ramani.

Angalia pia maneno yetu. "Askari" lilikuwa jina kubwa, leo ukisema askari watu wanawaza kanjo anayefukuza mama mwenye karai la mahamri. Na "soja", ambalo ni soldier lile lile la Kiingereza, pwani nzima ni mlinzi wa geti. Si bure, wastaafu wengi ndo kazi walopata. Nina mwanafunzi wangu wa zamani, alikaa jeshini miaka mingi, sasa ni soja hoteli moja ya Shela. Wageni humuuliza amejifunzia wapi kusimama wima vile, huwajibu shuleni. Nilimuuliza kwa nini hasemi. Akanambia, "Mwalimu, nikisema nilikuwa Somalia wataniuliza nimeua wangapi, na hilo ndo swali peke yake ambalo mtu huwa nalo."

Ndo hapo ninapotaka kukuomba kitu kuhusu huyo binamu yako. Hujaniandikia hali yake baada ya mbuzi kuliwa. Akiwa analala vizuri, anacheka, anafanya kazi, alhamdulillahi. Lakini akiwa anashtuka na fataki za Idd, ama anakaa mgongo ukutani kila anapoingia mahali, ama amekuwa mkali kwa mke na mwanzo hakuwa hivyo, msikimbilie kusema ana majini na kumpeleka kupungwa. Huo ni ugonjwa wa kiwewe cha vita, babu zetu walikuwa nao pia ila haukuwa na jina, hata madaktari wa Marekani waliuandika rasmi kwenye kitabu chao 1980, na waliousukuma uandikwe ni hao hao wa Vietnam pamoja na madaktari wao. Una dawa na una mazungumzo yake, mpelekeni hospitali mkaulize kliniki ya akili bila kuona haya. Na kama ameshastaafu mwambie ajiandikishe na wenzake wa DEFOCA, chama cha wanajeshi wastaafu, zamani kikiitwa KAFOCA, na afuatilie haki zake kwenye sheria ya wanajeshi wastaafu ya 2022 manake sheria ipo lakini haimfuati mtu nyumbani.

Kuhusu babu, fanyeni hivi kabla ya mengine. Tafuteni sandukuni cheti cha kuachishwa jeshi, hata kama kimeliwa na mchwa, mnachotaka ni namba yake ya utumishi na kikosi chake, kwa hizo mbili mtu anaweza kufuatilia kumbukumbu. Baba yako mwekee simu mbele yake mrekodi, aanze na mambo madogo, babu alikuwa anakula nini, alikuwa anaamka saa ngapi, alikuwa na neno gani la Kijapani ama la Kihindi analolitumia, hayo ndo hufungua makubwa. Tume ya makaburi ina orodha yake kwenye intaneti, ya walokufa si ya walorudi, lakini babu akiwa aliwahi kumtaja rafiki alobaki huko basi litafuteni jina hilo, pengine liko kwenye ukuta wa Taukkyan kule Burma ama kwenye ule wa makaburi ya vita ya Nairobi, barabara ya Ngong, ambako wameandikwa na wale wa Khedive Ismail.

Na nyota msiuze. Watakuja watu watawapa elfu mbili, elfu tatu, wanaenda kuiuza ng'ambo. Mwezi ujao nikijaaliwa nitapita Malindi nikienda Mombasa, nitakuja Barani niione kwa macho yangu, na baba yako aniambie kitu kimoja ambacho hukukiandika, wakimtania hivyo pale mangwe, babu alikuwa akiwajibu nini?